Nguo Nane za Kutokea

Cofimvaba
4 Mei 1997

Baba mdogo Mzimasi,

Sisi hatujambo. Nasema hatujambo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Iviwe ameota jino la pili na ananiuma akinyonya. Tangu tumzike mama mwezi wa tisa mimi naamka, nachota maji, nakoroga uji, nafua, jua linazama. Silii. MaRadebe wa jirani ananiambia, "Wewe mtoto, lia kidogo, utaoza kwa ndani." Namwambia nitalia nikipata nafasi.

Nakuandikia juu ya Luntu. Ametimiza miaka kumi na tisa, na wenzake wanakwenda mlimani jandoni tarehe 13 Juni. Amesema naye anakwenda, na mimi dada mtu sina la kumzuia. Baba hayupo, mama hayupo, umebaki wewe.

Unajua akishatoka kule hatavaa tena uzi wa utotoni, hata soksi. Miezi sita atatembea na koti na kofia, na kila mtu barabarani atamkagua. Nimekaa nikazifikiria nguo zake, nikaona si lazima ziwe nyingi, ila lazima zielewane. Koti moja. Suruali mbili, ya kaki na ya kahawia. Mashati matatu: jeupe, la rangi ya maziwa, na la mistari myembamba ya kahawia. Sweta moja lisilo na mikono. Kofia moja bapa. Hizo ni nane. Chini viatu vya kahawia vya kamba, na mkanda wa rangi hiyo hiyo. Ukizitazama, hakuna shati linalogombana na suruali. Hata avae gizani atatoka sawa. Siku sita atabadilisha bila kurudia, na mimi nitafua mara moja kwa wiki. Koti lipo duka la hapa mjini, la kahawia, halina makuu.

Kwako wewe sitaki nguo. Nataka uje. Zile siku nane za mwanzo awe na mtu wa nyumbani. Ya mlimani siyaulizi, ni ya wanaume. Najua tu kwamba mtoto asiye na mtu wake kule hana wa kumsemea.

Binti yako,
Nozuko


Khayelitsha, Cape Town
18 Mei 1997

MamBhele mdogo, binti wa kaka yangu,

Orodha yako niliisoma kazini wakati wa chai, watu wakacheka mpaka bosi akatoka ofisini. Mmoja akaniuliza, "Mzimasi, huyo kijana anatoka jandoni au anaingia jela?" Nguo nane! Mimi nina kofia nne na kichwa ni hiki kimoja.

Halafu kahawia, kahawia, kahawia. Unataka mwana wa ukoo wa Bhele atoke amefanana na kichuguu? Mwaka jana mtoto wa kina Sonamzi alitoka na koti la bluu nzito, vifungo vya dhahabu, nembo kifuani. Mpaka leo linatajwa huko kijijini, usiniambie halitajwi. Na baba yake ni mpaka rangi tu! Mimi ni msimamizi wa ghala zima. Mtoto wa marehemu atokee koti la dukani kwenu, watu waseme nini? Watasema Mzimasi alikula raha mjini, kaka yake akamwachia yatima, akamvika kama karani wa posta.

Koti niachie mimi. Wewe shona vifungo, piga pasi, lea mtoto.

Kuja nitakuja. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Siku zote nane nitakuwa pale kama nguzo ya zizi. Lala usingizi, mwanangu.

Baba yako mdogo,
Mzimasi


Cofimvaba
1 Juni 1997

Baba mdogo,

Nimeisoma. Koti la bluu litataka suruali ya kijivu, ambayo hatuna. Suruali ya kijivu itataka viatu vyeusi. Viatu vyeusi vitataka mkanda mweusi. Koti moja litaniletea wageni watatu. Nimesema kahawia.

Jana Luntu aligawa nguo zake. Nilikuwa nimezifua zote kwanza, kwa sababu sitaki mtu avae jasho la mwenzake. Vijana wa jirani wakajaa uani. Mmoja alivaa jinzi papo hapo juu ya kaptula yake, akasema, "Luntu, hii mbona ina tundu?" Luntu akamjibu, "Suruali nakupa, tundu ni nyongeza. Hata asante hujui?" MaRadebe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kwa meno. Sweta alilofuma mama nalo lilikwenda. Aliyelichukua alilivuta kichwani akaondoka anakimbia, akidhani nitamwita. Sikumwita. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa rafu yake haina kitu, amebaki na za mwilini tu. Mpya nimezipanga kwenye kitanda cha mama, zimepigwa pasi, zote isipokuwa koti. Luntu amepita mlangoni mara mbili kuzitazama. Hazigusi, ana adabu. Aliniuliza, "Dada, hizi zitanitosha?" Nikamwambia zitamtosha. Sikujua anauliza ukubwa au anauliza idadi.

Uje na koti au uje bila koti, lakini uje.

Nozuko


Khayelitsha, Cape Town
17 Juni 1997

MamBhele,

Naandika mbiombio, dereva wa basi atakayekuletea barua hii ananipigia honi hapa.

Koti tunalo! Nililiwekesha dukani tangu mwezi uliopita, nikawa nalipia kidogokidogo, na mwisho wa kulichukua ilikuwa leo, wangelirudisha kwenye kamba likauzwa. Bluu nzito, vifungo vya dhahabu, bitana inang'aa kama maji. Sonamzi atahama kijiji.

Sasa fanya hivi. Ile suruali ya kahawia irudishe dukani kabla ya Jumamosi, uchukue ya kijivu. Ulisema kweli, na bluu haielewani. Nimekubali, usinicheke.

Luntu hajambo. Anastahimili, ni Bhele halisi. Usiulize zaidi ya hapo.

Basi la kurudi lenye nafasi ni la Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi utaniona mlangoni na koti mkononi.

Mzimasi


Cofimvaba
29 Juni 1997

Baba mdogo,

Wiki iliyopita ulipokuwa hapa sikuweza kusema. Nilikupa chai. Sasa naandika.

Barua yako ya koti ilinifikia Jumatano, tarehe 18. Mimi barua naanza kuisoma juu kabisa, mahali na tarehe, kama tulivyofundishwa shuleni. Khayelitsha, tarehe 17. Hiyo ni siku ya tano ya mtoto mlimani. Wewe uliyekuwa nguzo ya zizi ulikuwa Khayelitsha, safari ya kutwa na usiku kucha kutoka hapa.

Nilimfunga Iviwe mgongoni nikaenda kwa Mzee Nondala, anayesimamia mlima. Nilisimama nje ya mlango. Nikasema, "Mzee, naomba mtu amtazame wa kwetu." Akasema, "Binti, si baba yako mdogo yuko naye?" Nikamwambia, "Labda."

Nilisema labda. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Sikutaka mzee ajue kwamba mwanamume wa nyumba yetu ameacha mtoto. Nililinda jina lako, Baba mdogo, nikarudi nyumbani nikachambua maharage.

Ijumaa asubuhi mwanamume mmoja alisimama langoni akitazama chini. "Wa kwenu yuko hospitali tangu jana." Basi. Nilikwenda. Luntu alikuwa amegeukia ukuta. Nilimwita mara tatu. Nesi akaniambia, "Dada, mwache. Anakusikia." Jumamosi ukaja wewe, ukalitundika koti msumarini, ukasema ni mambo ya Mungu. Jumapili ukapanda basi. Jumanne nilipokwenda nilikuta kitanda kimetandikwa upya. Aliondoka mwenyewe, na pajama za wodi, kabla hawajamruhusu.

Suruali ya kahawia sikuirudisha.

Nguo bado ziko kwenye kitanda cha mama. Sizigusi. Mimi na Iviwe tunalala chini. Mdogo wangu yuko wapi?

Nozuko


Khayelitsha, Cape Town
13 Julai 1997

Nozuko,

Barua kama ile mtoto wa kike hamwandikii baba yake. Nimeisoma mara moja, nikaikunja.

Ya mlimani umesema mwenyewe huyaulizi. Usiyaulize basi. Wapo waliougua na baba zao wamekaa pembeni yao. Mimi sikufanya kwa ubaya.

Sikiliza hili vizuri. Akirudi, usimpe zile nguo. Hakumaliza siku zake, hakutolewa, si zake. Na zile za zamani usithubutu kwenda kuziomba kwa watu, itakuwa aibu ambayo haijapata kuonekana. Watu wakiuliza, sema yuko kwangu Cape Town anatafuta kazi.

Mzimasi


Shambani, karibu na East London
27 Julai 1997

Dada,

Niko hai. Usinitafute.

Siku ile dereva wa lori la mbao alinichukua barabarani. Aliniona na pajama za wodi, akasema, "Wewe umetoroka wazimu au ndoa?" Nikamwambia vyote viwili. Hakuuliza tena. Alinishusha huku pwani kwenye mashamba ya mananasi. Kuna mama mmoja aliyewahi kuwa nesi, ananitazama jeraha, linafunga. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Hapa tunavaa ovaroli la shamba. Wazee wanalivaa, wavulana wanalivaa, mpishi analivaa. Hakuna anayejua mimi ni nani ndani yake. Nalifua jioni, nalivaa asubuhi bado bichi.

Nyumbani siwezi kurudi. Nitavaa nini? Za zamani niligawa kwa mikono yangu. Mpya si zangu. Nitashuka kwenye basi nimevaa nini, dada? Wavulana hawatanitaka, wanaume hawatanitaka, na wewe utakuwa umesimama mlangoni hujui uniite nani.

Moja nitakwambia, mengine hapana. Asubuhi ya siku ya tatu Baba mdogo aliniambia, "Dada yako amenishika koo, hataki utoke bila koti la maana. Naenda na kurudi." Sikukasirika. Najua unavyopenda nguo ziwe zimepangwa. Lakini baada ya pale hapakuwa na mtu wa kusema huyu anaumwa. Ningetoka hata na gunia, dada.

Mbusu Iviwe.

Luntu


Cofimvaba
10 Agosti 1997

Baba mdogo,

Luntu ameandika. Nimekunakilia barua yake yote kwa mkono wangu, iko nyuma ya karatasi hii. Geuza uisome, kisha urudi hapa.

Umeisoma.

Nilimjibu mstari mmoja, kwamba sikuagiza koti. Amenirudishia mstari mmoja: "Sawa, dada, yamepita." Haniamini. Anadhani namdanganya ili nimtulize, kama nilivyokuwa nikimdanganya kwamba dawa ni tamu. Neno langu halifiki. Litafika lako.

Nimekwenda tena kwa Mzee Nondala. Safari hii sikusema labda. Nilimweleza yote, kuanzia juu ya barua mpaka sahihi. Kisha akasema mtoto aliyeugua akapona anaweza kupandishwa tena, akazimaliza siku zake, akatolewa kama wenzake, na hakuna mtu atakayemwita nusu. Lakini asimame na baba wa nyumba yake, mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza, "Baba huyo mnaye?"

Nimemwambia nitamjibu.

Basi ni hivi. Utamwandikia Luntu kwa mkono wako, umwambie nani aliyelitaka koti. Bahasha usiifunge, ipite kwangu. Halafu utakuja, na utakaa. Usipoandika kufikia mwisho wa mwezi huu, nitakwenda kwa kaka yake mama, asimame yeye. Unajua watu watasema nini, mwana wa Bhele akitolewa na ukoo wa mama yake. Safari hii waache waseme. Mimi nimechoka kufikiria watasema nini.

Sikuandikii kwa hasira. Natafuta hasira siioni. Iviwe anatambaa sasa, jana alifika kitandani kwa mama akavuta mkono wa shati jeupe. Nimelifua, nimelirudisha.

Nozuko


Khayelitsha, Cape Town
31 Agosti 1997

Luntu, mwana wa kaka yangu,

Barua hii imepita kwa dada yako. Nimetaka aisome.

Koti hakuliagiza yeye. Alilikataa. Aliandika mara mbili kwamba la kahawia la hapo mjini linatosha, nami nikamcheka mbele ya watu. Koti nililitaka mimi. Nilitaka siku utakayotoka watu wakuangalie wewe, waseme Mzimasi ni mtu.

Siku ya tatu ulikuwa umeanza kutetemeka. Niliona. Nilijiambia ni baridi. Dukani nilikuwa nimebakiwa na siku mbili, nikaona zitatosha, nikamwachia mwangalizi nikashuka. Ndani ya basi nilikuwa na furaha. Hilo ndilo ninaloshindwa nalo, mwanangu. Nilikuwa nikiwaeleza watu habari za bitana.

Na nilipokuaga nilikudanganya kwa jina la dada yako, kwa sababu nilijua kwake hutabisha.

Kazini wamenikatalia ruhusa ya pili. Nimewaambia nakwenda, wafanye watakalo. Sema siku. Nitakuwa kituoni, na tukipanda sitashuka mpaka ushuke wewe.

Mzimasi


Shambani
14 Septemba 1997

Dada,

Nimeipata ya Baba mdogo. Niliisoma bustanini, nikaisoma tena. Nisamehe kwa lile neno la gunia.

Nitafika Ijumaa tarehe 26, basi la mchana. Wewe usije kituoni. Aje yeye peke yake na blanketi, tukapande moja kwa moja, nisipite nyumbani. Sitaki unione na ovaroli. Nitalivua nimkabidhi yeye, atajua pa kulipeleka.

Koti lile siwezi kusema kitu juu yake sasa.

Luntu


Cofimvaba
10 Oktoba 1997

Luntu,

Barua hii nimeiweka kwenye mfuko wa shati jeupe. Utaisoma ukianza kuvaa.

Kuanzia hapo nitakuita kaka, ingawa nilikubeba mgongoni na ulinikojolea. Ndivyo inavyotakiwa, na mimi nataka.

Ijumaa ile nilisikia basi likisimama. Nilikuwa jikoni, nikabaki jikoni. MaRadebe alisimama dirishani, anageuka kunitazama kila saa. "Huchungulii hata kidogo? Jiwe gani wewe?" Nikamwambia nina maziwa motoni. Akasema, "Maziwa hayo yamekwisha kuchemka, yamemwagika, yameungua, na wewe umeshika mwiko." Ilikuwa kweli.

Kisha akaniambia mnapita. Akaniambia Baba mdogo amebeba mzigo wote mwenyewe, wako na wake. Sikumuuliza zaidi.

Leo ni siku ya kumi na tano. Hajashuka. Chumvi ilimwishia Jumapili, akamtuma mtu, hakuja mwenyewe. Kazini kwake wameandika, barua iko mezani, nembo ya kampuni iko juu. Sijaifungua, si yangu. Naona kama najua ilivyo. Nimemwandalia kitanda kile cha mama, kwa kuwa kesho kitakuwa wazi.

Nguo nimezipiga pasi tena. Mashati matatu, suruali mbili, sweta, kofia. Viatu nimevipaka rangi, soksi mpya zimo ndani. Koti la bluu liko msumarini pale pale alipolitundika. Sikulificha, sikulipeleka mahali. Ukilitaka, livae na ile ya kaki, si ya kahawia. Usipolitaka, liache, hakuna mwanya utakaoonekana. Zile nyingine zinatosha bila koti, na jua la Oktoba limeshakuwa kali. Mimi sitasema vaa wala acha. Baba mdogo naye hatasema, nimemtumia neno.

Kuna moja sijakwambia. Jumatano ile ya Juni niliulizwa na Mzee Nondala kama Baba mdogo yuko na wewe. Nilijua hayupo. Nikasema labda. Kesho yake ndiyo wakakushusha. Nimeliandika hapa kwa sababu yeye ameandika lake, na mimi sitaki uvae nguo nilizozipanga mimi bila kulijua. Ukitaka kuniuliza, niulize. Usipotaka, nitajua umesoma.

Kesho watakapokutoa nitasimama na akina mama upande wa zizi, nimefunga kitambaa cha kijani, Iviwe mgongoni. Wenzangu watapiga vigelegele. Nami nitafungua mdomo. Tangu mwaka jana sijui kama humu ndani bado kuna sauti. Ikitoka utaisikia. Isipotoka, tazama kitambaa. Niko pale.

Dada yako,
Nozuko